Ukishuka Dodoma, panda gari lenye mwenyewe

Nilikuja Dodoma kwa uhamisho wa kazi, na tangu hapo sebule yangu haikauki wageni. Shangazi anakuja kumwona mwanawe UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, rafiki wa Mombasa anataka kuiona michoro ya miambani ya Kolo, shemeji anafuatilia barua yake wizarani. Wote huniuliza swali moja wakiwa bado njiani: "Nikishuka nipande nini?" Nimechoka kuandika ujumbe uleule kila mara, kwa hiyo nauweka wote hapa, hatua kwa hatua.

Dodoma si mji wa kutisha. Kinachomwumiza mgeni hapa, kabla ya mwizi, ni umbali. Stendi kuu ya mabasi iko kivyake, treni kivyake, wizara ziko Mtumba, chuo kikuu kiko mlimani Chimwaga, na katikati ya hayo kuna viwanja vilivyopimwa lakini havijajengwa. Ukiteremshwa pasipo pako saa tatu usiku, huenda usione hata genge la kuulizia. Ndiyo maana shauri langu ni moja: panda gari lenye mwenyewe. Yaani dereva ambaye mambo yakiharibika yupo mtu wa kuulizwa habari zake, iwe ni programu iliyomsajili, kijiwe anachopaki kila siku, au mlinzi wa nyumba ya wageni anayemjua kwa jina. Gari zuri lenye kiyoyozi, ambalo dereva wake hajulikani na mtu, mimi naliacha lipite.

Hatua ya 1: Jua unashukia wapi, na unaelekea wapi kwa jina la watu

Hili lifanye ukiwa bado nyumbani. Dodoma ina stesheni mbili za treni. Ile ya reli ya zamani iko katikati ya mji. Ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, ambayo treni zake za kutoka Dar es Salaam zilianza kufika Julai 2024, iko nje ya mji. Ukimwambia dereva "nipeleke stesheni" bila kutaja SGR, usishangae akikushusha kwenye majengo ya zamani huku treni yako ikiondoka kwingine. Mabasi ya mikoani yanaishia Kituo Kikuu cha Mabasi, ambacho sisi tunakiita Nane Nane, kule Nzuguni kwenye barabara ya Dar es Salaam, jirani na Soko la Job Ndugai. Uwanja wa ndege wa zamani uko mjini kabisa, dakika chache tu kutoka Nyerere Square. Ule wa Msalato uko njia ya Arusha, zaidi ya kilomita kumi kutoka katikati ya mji. Soma tiketi yako vizuri.

Kisha tafuta jina la mahali unapokwenda kama wenyeji wanavyoliita. Tangu kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi zina namba na mitaa ina vibao, lakini dereva wa hapa bado anaongozwa na alama: karibu na shule gani, kanisa gani, kituo gani cha mafuta. Area A si Area C, wala Area C si Area D. Na "UDOM" pekee haitoshi, kwa sababu chuo kile ni mji ndani ya mji. Taja ndaki, yaani kitengo cha chuo: Social, Education, au CIVE ya mambo ya kompyuta. Mwombe mwenyeji wako akutumie eneo kwenye ramani pamoja na namba yake ya simu, ili dereva akipotea waongee wenyewe kwa wenyewe. Wakiongea wao, utaokoa nusu saa ya kuzunguka Ilazo.

Usisahau pesa. Noti ndogondogo ndizo zinazotafutwa. Jioni "chenji sina" ni wimbo wa taifa wa vijiwe, na mara nyingine ni kweli hana. Ukiwa mgeni kutoka nje ya nchi, sajili laini ya simu kwa pasipoti kabla ya kuja huku, ili ukifika intaneti na pesa ya simu viwe tayari.

Hatua ya 2: Ukishuka, tembea kwanza

Mlangoni utapokelewa na watu wanne wanaotaka kubeba begi lako kwa pamoja. Hao wengi ni wapiga debe, si madereva. Anayekuvuta mkono anapata chake juu ya nauli yako, na gari atakalokupeleka hulichagui wewe. Sema "asante kaka, napokelewa," tabasamu, usisimame. Tembea mpaka penye mwanga, kwenye benchi au dirisha la tiketi, ndipo utoe simu. Begi lisipandishwe kwenye gari lolote kabla hamjaelewana, maana likishaingia buti wewe ndiye unayembembeleza dereva.

Hatua ya 3: Ukiita kwa simu

Teksi za kuitwa kwa programu ya simu, sheria inaziita teksi mtandao. Mtaani watu husema "ita Bolt" hata kama programu ni nyingine. Dodoma zinafanya kazi, ingawa magari si mengi kama Dar. Mchana katikati ya mji dereva huja upesi. Ukiwa Nzuguni ndani ndani, au Mtumba baada ya ofisi kufungwa, unaweza kusubiri mpaka ukate tamaa. Kwa hiyo usiipangie treni ya alfajiri ukitegemea programu peke yake.

Uzuri wake mkubwa ni kumbukumbu. Safari inabaki imeandikwa: nani alikubeba, gari gani, kutoka wapi hadi wapi, kwa bei gani. Huo ndio umwenyewe ninaousema. Na hapo ndipo wageni wangu wengi wanapoteleza, kwa sababu dereva anaupokonya ulinzi huo kwa maneno matamu. Binamu yangu aliita gari kwenda Mtumba. Simu ikalia: "Bosi, unaelekea wapi? Unalipa keshi? Basi kata hiyo safari, tutaelewana humu humu." Akakata. Walipofika njia panda ya Ihumwa, bei ikawa mara mbili, eti mafuta yamepanda na Mtumba ni mbali. Hakuwa na pa kulalamika, kwa kuwa kwenye programu ilionekana safari imefutwa na abiria mwenyewe. Alilipa, akaja kunilalamikia mimi.

Nawaelewa madereva. Kampuni zinakata kamisheni na hilo limekuwa ugomvi wa muda mrefu. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, iliweka kikomo cha asilimia 15, kampuni ya Uber ikasimamisha huduma zake nchini, na baadaye kikomo kikapandishwa hadi asilimia 25 ndipo ikarejea mwaka 2023. Dereva anayekuomba ukate safari anajaribu kuikwepa kamisheni hiyo. Mpe pole, ila usikate. Ukiona kiwango cha programu kinamwonea, mwongezee kidogo mkononi mkifika. Mimi hufanya hivyo, na sijawahi kununiwa.

Gari likija, linganisha namba ya kibao na ile iliyo kwenye simu, si rangi tu. Toyota IST nyeupe na za fedha hapa ni kama mbuzi wa mnadani, huwezi kuzitofautisha kwa macho. Tazama na sura ya dereva. Akikuambia "hiyo picha ni ya kaka yangu, leo namsaidia," huyo umsalimie tu, usipande. Na usimtajie jina lako. Muulize wewe: "Umekuja kumchukua nani?" Dereva wako jina lako analo. Anayebahatisha ataanza kung'aang'aa macho.

Kibao cha namba kinasema kitu kingine pia. Gari la abiria lililosajiliwa kibiashara lina kibao cheupe, la binafsi lina cha njano. Pikipiki na bajaji namba zake huanza na MC. Gari la STK ni la serikali, na hata kama dereva wake anarudi mjini mtupu na anakunyooshea kidole cha lifti pale Mtumba, hiyo si teksi.

Hatua ya 4: Ukipanda kijiweni

Teksi na bajaji za kijiwe sizidharau hata kidogo. Kijiwe cha kweli kina mwenyekiti, kina zamu, kina mzee mmoja ambaye amekaa kwenye kigoda chake miaka na anamjua kila kijana na kwao. Siku moja nilisahau mkoba wenye vyeti vyangu kwenye bajaji niliyoipandia Sabasaba kwenda Kisasa. Namba sikuishika. Nilirudi pale kijiweni mapigo ya moyo yakinisikika masikioni. Yule mzee hakuniuliza namba. Aliuliza, "Nyuma imeandikwa nini?" Nikakumbuka: "Wivu wa Nini." Akacheka, akapiga simu, na kabla ya magharibi mkoba ulikuwa mikononi mwangu. Kijana nilimpa hela ya mafuta, na mzee nikamnunulia soda. Gari linalookota abiria huku linatembea barabarani halina mzee wa kumuuliza hivyo.

Bei ya kijiweni huelewana kabla ya kupanda. Fungua programu ya teksi mtandao hata kama huna nia ya kuita, uone makadirio ya safari yako. Hiyo iwe mizani yako. Au muulize mlinzi wa hoteli au mama wa chakula: "Kutoka hapa mpaka Chang'ombe bajaji kwa kawaida bei gani?" Kisha nenda na salamu kwanza. Hapa mtu hakurupuki na bei. Mzee mpe shikamoo yake, kijana "habari za kazi, kaka," na ukiweza kusema "mbukwenyi" kwa Kigogo utaona meno yote. Halafu:

"Nipeleke Area C, karibu na kanisa. Utanichukulia bei gani?"

"Elfu nane tu, dada."

"Hiyo ya kukodi au kwa kichwa?"

"Ya kukodi, mwenyewe."

"Na hili begi limo?"

"Limo."

"Fanya sita, kaka, mimi siyo mheshimiwa."

Swali la kukodi au kwa kichwa usiliache kamwe. Bajaji nyingi huchukua watu wa kuchangia, na mko watatu, bei uliyotajiwa inaweza kuwa ya mmoja mmoja. Jifunze pia lugha ya hela: jero ni mia tano, buku ni elfu moja, msimbazi ni elfu kumi. Akisema "tano" peke yake, mwulize mia tano au elfu tano, usijibu kwa kukisia.

Huo utani wa mheshimiwa nao una maana. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na majira hayo vyumba na nauli hupanda. Agosti kuna maonesho ya Nane Nane pale Nzuguni, na barabara ya Dar inajaa. Ukiitwa mheshimiwa na kijana usiyemjua, jua bei imeshajumlishwa.

Hatua ya 5: Kabla mlango haujafungwa

Fungua mlango wa nyuma, upande wa kushoto, kaa hapo. Ukishuka utashukia pembeni ya barabara, si katikati ya magari. Kabla ya kuondoka jaribu kama mlango unafunguka kwa ndani. Kama haufunguki, sema palepale. Dereva mwema ataurekebisha bila kukasirika. Tafuta mkanda. Kwenye IST nyingi mikanda ya nyuma imefunikwa na vitambaa vya viti, ingiza mkono uutoe. Dereva atakutazama kwa kioo kama mtu wa ajabu. Muache akutazame.

Akiwa na mwenzake aliyekaa mbele, "rafiki tu, anashuka hapo mbele," mwombe rafiki ashuke sasa. Asiposhuka, shuka wewe. Hili mimi silijadili na mtu.

Piga picha ya kibao cha namba, umtumie ndugu yako pamoja na neno moja la mahali unapokwenda. Ukiifanya waziwazi ni bora zaidi: "Subiri kaka, nampigia shemeji picha ajue nakuja na gari gani." Mwenye nia safi hajali.

Hatua ya 6: Njiani

Fungua ramani kwenye simu yako na uifuatilie, lakini usiiamini kuliko dereva pale anapokwepa korongo. Mvua za hapa ni Desemba hadi Aprili, na korongo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kushusha maji ya kusomba gari jioni, hata kama mvua imenyesha mbali. Dereva akikataa kuvuka, yuko sahihi. Subirini maji yapungue.

Maswali ya "umekuja mwenyewe? umefikia wapi? chumba namba ngapi?" mara nyingi ni soga tu. Jibu kwa soga vilevile: "Nipo kwa mjomba, ananisubiri getini." Simu usiishike kwenye uwazi wa bajaji, hasa kwenye foleni, wa pikipiki anaipitia kama kipanga na kifaranga.

Mkifika, shusha mizigo kwanza, ndipo ulipe, na mlipane nje ya gari. Kwa pesa ya simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Jina likiwa tofauti na la dereva, muulize ni la nani. Muamala ukishakwenda kwa mtu mwingine, kuurudisha ni kazi ya siku mbili.

Bodaboda

Kwa mwendo mfupi ndani ya mji, mchana, bila begi kubwa, sina neno. Kofia ngumu moja yake, moja yako. Hana ya abiria, tafuta mwingine. Msipande mishikaki, yaani zaidi ya abiria mmoja kwenye boda moja, hata kama mnaokoa buku. Lakini barabara ya Dar kuelekea Mtumba na Chamwino ni njia ya malori yanayopeleka mizigo Rwanda, Burundi na Kongo. Lori likikupita pale, upepo wake peke yake unakuyumbisha. Kwa safari ile chukua gari, au daladala, ambayo ni rahisi na salama kuliko boda yoyote. Juni na Julai usiku kuna baridi ya kukata masikio, vaa koti.

Usiku

Siku hizi mabasi ya mikoani yanasafiri usiku, kwa hiyo unaweza kujikuta Nane Nane saa tisa za usiku. Kama hakuna anayekuja kukupokea kwa jina, usitoke. Kaa ndani ya stendi penye watu na taa mpaka kupambazuke, kunywa chai, usione haya. Ukilazimika kuondoka, piga simu nyumba ya wageni wakutumie dereva wao na wakutajie jina na namba ya gari kabla hajafika. Dada anayesafiri peke yake, namsihi asikubali bajaji ya kuchangia saa hizo, hata kama ndani kuna mwanamke mwingine.

Safari za nje ya mji

Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, inawavuta wengi. Lami ipo mpaka Kolo, lakini kutoka ofisi ya Mambo ya Kale kwenda miambani ni njia ya mawe, na IST ya chini itaacha sahani ya injini huko. Kodi gari lililoinuka. Elewaneni kwa ujumbe wa simu, si kwa mdomo: bei ya siku nzima, mafuta ya nani, chakula cha dereva, saa za kusubiri, na saa ya kurudi. Ondokeni alfajiri ili giza lisiwakute barabarani. Namba ya gari iingize kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, mtandaoni uone kama bima yake iko hai. Ni jambo la dakika moja.

Gari dogo linalojaza watu pembeni ya stendi kwenda Singida au Kondoa kwa haraka, tunaloliita mchomoko, halikupi tiketi wala halina orodha ya abiria. Likianguka, hakuna anayejua ulikuwamo. Panda basi.

Ikiharibika

Ukitishwa au ukishikwashikwa, mwambie asimame penye watu, kituo cha mafuta ni mahali pazuri, ushuke hata kama hujafika. Dharura ya polisi ni 112. Kituoni omba RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, na uondoke nayo. Bila RB kesho yake huna hoja. Kwa udhalilishaji wa kijinsia, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, usisimulie mbele ya kaunta nzima. Malalamiko ya nauli na lugha chafu yapeleke kwenye programu yenyewe, na LATRA nao wana makao makuu yao hapa hapa Dodoma.

Ukimpata dereva mzuri siku ya kwanza, chukua namba yake na umpe na safari ya kurudi. Mwambie saa kwa Kiswahili kamili, "saa kumi na moja alfajiri," kwa sababu tiketi itakuwa imeandikwa 05:00 na usingizi hauhesabu vizuri. Mpigie tena usiku kabla ya kulala kumkumbusha. Na umwambie SGR, siyo stesheni.